Papa wa Vitabu na Ukurasa wa Majina

Jina lake sitaliandika. Anayependa kusoma habari za watu atataka kujua huyu alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, na kabila lake ni lipi. Mimi sitasema, kwanza kwa sababu mengi siyajui, na pili kwa sababu ninaogopa. Niliwahi kuandika majina ya watu kumi na mmoja kwenye ukurasa mmoja, na mpaka leo mlango wa duka ukisukumwa kwa nguvu mwili wote unaniishia nguvu. Kwa hiyo nitamwita kama tulivyozoea kumwita hapa Kalemie: Papa wa Vitabu, yaani baba wa vitabu.

Kazi yangu ni kuchapa. Nina kijiduka karibu na bandari, tunakiita sekretaria: kompyuta mbili, mashini moja ya fotokopi, na jenereta inayokohoa kuliko kunguruma. Naandika barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, kazi za mwisho za wanafunzi, karatasi za kuuziana viwanja. Watu wananiita Mama Sekretere. Papa wa Vitabu peke yake ndiye aliyeniletea vitabu. Viwili vilitoka bila shida kubwa, na cha tatu ndicho kilicholeta balaa. Vyote vilikuwa juu ya mchezo mmoja wa karata, poka, na vyote aliviandika kwa ajili ya watu wanaoucheza kwa dhati.

Kwa asiyeujua mchezo huo: kila mtu anapewa karata anazoziona yeye tu. Watu wanaongeza dau mmoja baada ya mwingine, na asiyetaka kufuata anatupa karata zake. Anayebaki peke yake ndiye mshindi, hata kama mkononi hakuwa na kitu cha maana. Yaani ni mchezo wa kutishana. Sasa nifikirie mimi, mwanamke ninayeshtuka hata radi ikipiga ng'ambo ya ziwa, nimekaa miaka sita nikichapa vitabu vya kutisha watu.

Nilimwambia hivyo siku moja. Akacheka, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Hapana, Mama Sekretere. Kutisha, kila muntu anajua. Miye nafundisha watu kuogopa muzuri."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote. Kitabu cha kwanza, sura ya kwanza, mstari wa kwanza: Unaogopa? Hesabu. Alieleza kwamba hofu ikikushika mezani, kuna kitu macho yako yamekiona ambacho akili haijakipa jina. Usijifanye dume, na usikimbie. Hesabu karata zilizobaki, hesabu huyu mtu ameongeza dau mara ngapi tangu asubuhi, na katika hizo alionyesha karata nzuri mara ngapi. Ukimaliza, ile hofu itakuwa imegeuka kuwa namba, na namba unaweza kuifanyia kazi. Maneno hayo niliyachapa mara nyingi mpaka nikayashika, ingawa kwangu hayakuwahi kufanya kazi hata siku moja. Mimi nilihesabu na nikaendelea kuogopa.

Yeye mwenyewe alikuwa mwoga wa kupindukia, na hakuficha. Aliogopa mbwa. Aliogopa pikipiki, akawa anatembea kwa miguu mji mzima na mfuko wake wa mchele uliojaa madaftari. Aliogopa simu, hakutaka kuwa nayo. Zaidi ya vyote aliliogopa ziwa. Nyumba yake ilikuwa upande ule ambao maji yalipanda miaka hii yakala barabara; ukuta wa uani ulianguka, kisha choo kikafuata. Alihamisha madaftari kwanza, kitanda baadaye. Alikuwa hajawahi kupanda boti maishani mwake, katika mji huu ambao kila nyumba ina shangazi Kigoma au mjomba Moba. Vitabu vyake vilisafiri ziwani mara kwa mara, mwenyewe akivisindikiza mpaka mwisho wa saruji ya bandari, hatua kumi kutoka majini, na hapo anasimama.

Lakini mtu huyu huyu kila Jumapili baada ya misa alikwenda kukaa kati ya watu ambao mimi nikiwaona navuka barabara. Wachezaji wa dhati walikutana uani kwa baa moja inayotazama ziwa: wenye maboti, wanunuzi wa dhahabu, mabwana wa forodha, daktari mmoja, na wengine ambao kazi yao hakuna aliyeiuliza. Wapo waliokuwa wakiweka bastola mezani kando ya sigara, kama mtu anavyoweka funguo. Yeye alikaa ukutani na Fanta yake, daftari gotini, akiandika. Hakucheza. Walimwacha kwa sababu ukitokea ubishi juu ya sheria za mchezo, neno lake lilikuwa la mwisho.

"Na hauogope, Papa?" nilimuuliza.

"Naogopa mubaya sana. Njo maana naandika. Nikiacha kuandika, nitakimbia."

Padri alikuwa na kawaida ya kusema dhidi ya karata katika mahubiri. Papa wa Vitabu alikaa benchi ya mbele na kutikisa kichwa kukubali kila neno, na kwa kweli alikuwa anakubali. Nyumbani kwake karata hazikuruhusiwa kuingia. Siku moja mteja alizisahau juu ya meza yangu, pakiti nzima mpya, nikataka kumpa azipeleke kwa mwenyewe. Alirudisha mikono nyuma kama mtoto aliyeonyeshwa sindano.

Alipata akili ya namba kwenye reli. Alifanya kazi stesheni, upande wa ratiba, miaka ile treni zilipoanza kuchelewa siku, kisha wiki. Wenzake walikata tamaa wakawa wanalala. Yeye akaanza kuandika ucheleweshaji: mvua ilinyesha wapi, dereva alikuwa nani, mzigo ulikuwa wa nini. Baada ya muda akawa anawaambia abiria siku ya kurudi stesheni, na mara nyingi alipatia. Watu walidhani ana dawa. Alisema kutoka treni kuja karata ilikuwa hatua moja tu, kwa sababu pande zote mbili unangoja kitu usichokiona.

Kuuza vitabu vyake ilikuwa vita. Mwandishi mwingine angefurahi kuona mnunuzi, yeye aliwafukuza. Kila aliyetaka kitabu ilibidi ajibu swali kwanza, na swali lilikuwa hilo hilo: una wafalme wawili mkononi, mtu aliye mbele yako amesukuma vyote alivyo navyo, utafanya nini? Aliyejibu papo hapo, iwe kufuata au kutupa, hakupewa. Afisa mmoja kijana wa polisi alirudi mara tatu. Ya kwanza alisema nitafuata. Ya pili alisema nitatupa. Ya tatu aliingia amenuna, akavua kofia, akasema:

"Papa, ata miye nimechoka. Huyo muntu mwenyewe ni nani?"

"Ah!" Papa wa Vitabu akasimama, akampa mkono. "Mama Sekretere, mupe kitabu."

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati la mikono mirefu siku zote, kola imepigwa pasi, kifungo cha juu wazi kwa ajili ya joto. Miwani ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Macho yake yote mawili yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hivyo mambo mengi aliyajua kwa vidole. Alikuwa akishika rimu ya karatasi na kukuambia kama imekaa kwenye unyevu.

Ni kwa vidole alivyonijua mimi. Jumanne ndiyo ilikuwa siku yake ya kuja dukani, na Jumanne moja wanaume wawili wenye sare waliingia, wakatazama kila kona, wakatoka bila kusema neno. Nilibaki nimesimama. Baadaye nilimpa kurasa zake za siku hiyo. Akapitisha kidole gumba ukingoni.

"Umeogopa sana," akasema.

"Papa umejuaje?"

"Siku zingine makaratasi yako inatoka ovyo, moja huku, ingine kule. Leo ni kama imekatwa na kisu. Ukiogopa, unapanga makaratasi."

Nikacheka kwa aibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Mama yangu alikuwa akipanga vijiko. Papa wa Vitabu akaniambia kila mtu ana alama yake, na kuijua hakukusaidii kuiacha. "Ata miye niko nayo," akasema, lakini hakusema ni ipi.

Alama za watu ndizo zilizokuwa kitabu cha tatu. Katika madaftari hakuandika jina la mtu yeyote, kila mchezaji alikuwa namba. Wenyewe walijua na walikubali, kwa sharti kwamba hakuna atakayejua nani ni nani. Kichekesho ni kwamba kila mmoja alingoja kitabu kwa hamu ili awasome wenzake, akiamini kabisa kwamba yeye mwenyewe hana alama. Daktari alisimama mbele ya meza yangu akicheka mpaka machozi kwa habari za namba nne, anayekuna sikio kila anapopata karata nzuri, na muda wote huo alikuwa akikuna sikio.

Namba saba alipewa sura nzima. Naikumbuka kwa moyo: "Namba saba akiwa na karata nzuri hana adabu. Hasalimii, hajibu, anaweza kukupiga kikumbo akipita. Akiwa hana kitu anageuka kuwa mtu wa watu. Anakununulia kinywaji, anauliza habari za watoto. Akikuuliza habari za watoto, mfuate mpaka mwisho."

Namba moja alikuwa na mistari mitatu tu: "Huyu haketi tena mezani. Akiwa hana kitu, anafunga kifungo cha juu cha shati. Anajua, na bado anafunga."

Sasa nifike pale nisipopapenda. Katika kitabu cha kwanza nilikuta katikati ya daftari ukurasa wa namba tupu, safu baada ya safu, bila neno hata moja. Nikadhani ni hesabu zake za nyumbani, nikauruka. Kumbe ndio ulikuwa moyo wa kitabu: jedwali la kuonyesha ni mara ngapi kila karata inaweza kutokea. Wachezaji wa Moba walirudisha salamu kwamba mwandishi ni mwongo. Ilibidi achukue nakala zote, na kwa macho yale yale yenye ukungu aandike jedwali kwa mkono katika kila moja. Hakunigombeza. Alisema tu: "Kuanzia leo, chochote kiko mu daftari, uchape. Usiruke ata nukta." Nikaapa.

Na kiapo changu nilikishika. Katika daftari la nne la kitabu hicho cha tatu, ukurasa wa mwisho kabisa, kulikuwa na orodha: namba moja mpaka kumi na mbili, na mbele ya kila namba, jina. Alijiandikia mwenyewe asije akachanganya. Mimi nikaichapa. Nikaiwekea na kichwa kizuri katikati, herufi nene: MAJINA.

Mtu atauliza nilikuwa na akili gani. Nitamjibu kwamba ilikuwa saa ya joto, nimeshachapa kurasa mia na zaidi, na ukifika hapo macho na vidole vinafanya kazi bila wewe. Kwa kawaida nilimsomea kitabu chote kwa sauti kabla ya kukitoa, kwa sababu yeye hakuweza tena kusoma herufi ndogo. Tulisoma Jumanne tatu mfululizo. Tulipofika mwisho wa sura ya mwisho umeme ukakatika, jenereta haikuwa na mafuta, naye akasema inatosha, toa. Tukatoa nakala arobaini, jalada la bluu, mgongo umebandikwa utepe wa skochi.

Aliyenishtua ni kapiteni wa boti la Moba, anayepeleka vitabu vyetu kusini. Aliingia dukani anacheka.

"Mama Sekretere! Safari hii muko wakali. Munaandika mupaka majina ya watu!"

Nilimwomba anionyeshe. Aliponionyesha, nilikaa chini sakafuni, kati ya meza na mashini. Kapiteni akaacha kucheka. Yeye naye alisoma jina lililo mbele ya namba saba, safari hii polepole, na akakifunga kitabu.

Namba saba ni mtu wa mafuta na maboti, sitasema zaidi. Karani mmoja wa bandari aliwahi kusema mbele za watu kwamba mafuta yake yamechanganywa na maji. Wiki ile ile nyumba ya karani iliungua, na familia yake sasa wanalala chini ya turubai kule Katanika, kati ya watu waliokimbia vita. Hakuna aliyemshitaki mtu. Nguvu yote ya namba saba, mezani na bandarini, ni kwamba hakuna anayeweza kumsoma. Sisi tulikuwa tumeandika namna ya kumsoma, na chini tukaweka jina lake. Akiupata ukurasa ule, angekuja kwa Papa wa Vitabu. Na mimi ndiye niliyeuchapa.

Nikafanya jambo moja la akili katika jambo hili lote. Nilitangaza kwamba kwenye ukurasa wa mwisho kuna kosa la hesabu, na mwandishi anaomba nakala zirudi. Mcheza bahati nasibu angesema haidhuru. Wale waliposikia kosa la hesabu walikuja mbio, mmoja na ndala za bafuni, mwingine ametoka kazini bila ruhusa. Wengi hawakuwa wamefungua hata ule ukurasa. Nani anasoma orodha za mwisho? Kapiteni alikusanya za Moba. Nilichana majina kwa mkono wangu, nikayachoma uani, moja moja, nikihesabu. Thelathini na tisa.

Ya arobaini niliikuta mchana juu ya meza yangu, nimetoka kununua mihogo. Hakuna aliyemwona aliyeileta. Ilikuwa safi, kama mpya. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mgongo, bila kuchanika.

Jumanne ile nilimwambia. Sikuwa nimewahi kumwogopa, lakini siku hiyo niliomba asije. Akaja. Nilisema yote kwa mara moja, kichwa chini, mikono inapanga karatasi.

"Nisomee," akasema.

"Nini, Papa?"

"Ile ukurasa. Mu daftari. Nisikie imekaa namna gani."

Nikachukua daftari la nne nikasoma kwa sauti ya chini. Namba moja: miye. Namba mbili, jina. Namba tatu, jina. Mpaka kumi na mbili. Nilipomaliza nikarudia kutazama juu, pale palipoandikwa "miye", kisha nikatazama shati lake. Kifungo kilikuwa wazi.

"Ni miye nilikuambia usiruke," akasema. "Wewe ulifanya vile nilisema. Usilie."

"Papa, unaogopa?"

"Sana," akasema, na akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya goti ni nani na nani waliofika dukani kwangu siku zile.

Daftari hilo aliniachia mimi, nilitunze kwenye droo, kwa sababu kwake hakukuwa na ufunguo.

Namba saba alikuja Ijumaa iliyofuata, saa nne asubuhi, peke yake. Alijaza mlango. Mimi sikuwahi kuzungumza naye maishani.

"Yambo, Mama. Unaendelea aje?" Sauti nyororo kabisa. Alikuwa na chupa mbili za Fanta, moja akaifungua akaniwekea mbele. "Watoto je? Wanasoma? Wanaendelea muzuri na masomo?"

Katikati ya hofu nikasikia kama mtu ananisomea: akikuuliza habari za watoto. Alikuwa hana kitu. Alikuwa amesikia tu tetesi.

"Wanaendelea muzuri, Papa. Aksanti."

"Nasikia ule muzee ametoa kitabu ingine. Eti kuko ukurasa fulani ya mwisho. Miye napenda kusoma, unajua."

"Vitabu vilirudi, Papa. Kulikuwa kosa ya hesabu."

"Na daftari? Ile aliandika na mukono?"

Daftari lilikuwa kwenye droo, limegusana na magoti yangu. Chini ya meza mikono yangu ilikuwa inapanga bahasha.

"Madaftari anatembeaka nayo mwenyewe."

Akanitazama. Mimi nikahesabu: ameuliza watoto, amenunua kinywaji, ameuliza tena masomo. Tatu. Kwa mara ya kwanza somo lilinifanyia kazi, kidogo tu, kiasi cha kunizuia nisifungue droo. Akatabasamu, akanitakia siku njema, akaondoka. Fanta yake sikuinywa.

Tukapumua wiki tano. Papa wa Vitabu alianza hata kitabu cha nne, juu ya hofu peke yake, nami nikachapa sura mbili. Kisha akakosa Jumanne moja. Akakosa ya pili. Asubuhi ya Jumatano kapiteni alikuja, hakuketi.

"Muzee anaomba umuletee makaratasi ya kitabu ya ine. Iko ku bandari."

"Anafanya nini bandarini?"

"Anapanda."

Nilidhani anatania. Nikachukua zile kurasa, hazijashonwa, nikatoka nusu nikikimbia. Kwenye geti la bandari mtu alikuwa anatoka ninapoingia. Bega lake lilinipiga nikayumba, karatasi zote zikamwagika chini. Alikanyaga moja, akapita. Nilipoinua macho niliona mgongo wa namba saba. Hakugeuka. Hakusema hata pole. Hakunisalimia.

Nilichuchumaa pale kwenye vumbi, nikaanza kuokota. Wabeba mizigo walinizunguka. Niliziweka juu ya goti, nikazigonga upande huu, nikazigonga upande ule, nikafuta alama ya kiatu kwa kanga. Nilijua sasa ukurasa uko mkononi mwa nani. Nilitaka kulia na machozi hayakutoka.

Papa wa Vitabu alikuwa amesimama mwisho wa saruji. Alikuwa ameshavaa jaketi la kujiokolea la rangi ya machungwa juu ya shati lake safi, ingawa boti bado lilikuwa limefungwa kamba. Mfuko wa mchele uko miguuni. Alikuwa amelipa ziwa mgongo.

"Mama Sekretere? Ni wewe?"

"Ni miye, Papa."

"Aksanti kuja. Sikiliza. Ile ukurasa, nimeupata. Muntu mumoja alinirudishia, njo wiki hii. Nimeunguza mu moto ya mbabula, nikiona na macho yangu. Imeisha." Vidole vyake vikapanda juu ya lile jaketi, vikatafuta kola, vikakipata kifungo, vikakifunga. "Sasa naenda kusalimia dada yangu kule Moba. Kidogo tu. Nitarudi."

Nilikitazama kile kifungo. Joto lilikuwa kali, jasho linamtiririka shingoni. Nilifikiri nimwambie ninachokijua. Lakini alikuwa anaondoka tayari, na mbele yake kulikuwa na maji yote yale aliyoyaogopa maisha yake yote. Nikaona hawezi kubeba hofu mbili safari moja.

"Mungu asifiwe, Papa," nikasema. "Na miye nimekutana naye sasa hivi, pale geti."

"Nani?"

"Saba."

"Na?"

"Amenisalimia muzuri sana. Ameuliza watoto."

Mabega yake yakashuka. Akatabasamu, akanyoosha mikono kuelekea sauti yangu. "Basi, leta makaratasi."

Nikampa. Hapo ndipo nilipokumbuka, na nilikuwa nimeshachelewa. Kidole gumba chake kikapita ukingoni kutoka juu mpaka chini. Hakuna karatasi hata moja iliyotokeza. Kikarudi kutoka chini mpaka juu, polepole zaidi, kikasimama. Kisha akaziingiza kifuani, ndani ya jaketi, akaibana mikanda.

"Tuko salama, si vile?" akasema.

"Ndiyo, Papa. Tuko salama."

Kapiteni akamshika mkono, wakazimaliza zile hatua kumi. Papa akakanyaga ubao wa kupandia akiwa amefumba macho, hatua moja, hatua nyingine, ziwa likipiga chini yake. Kutoka pale niliposimama niliona midomo yake inatembea. Alikuwa anahesabu.